Kiti cha Jumanne

Kwa miaka sita mimi na Mongia Khemiri tulilazwa bega kwa bega mara tatu kwa wiki, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, muda wa saa nne kila mara, damu zetu zikitoka mkononi, zikipita kwenye mashine, zikirudi. Mume wangu, Mungu amrehemu, sikuwahi kukaa naye saa nne mfululizo bila mmoja wetu kununa. Na Mongia nilikaa. Nilijua anavyokoroma, na nilijua anavyojifanya amelala ili nesi Lamia asimuulize kuhusu maji aliyokunywa. Yeye alijua kwamba nikianza kupiga miayo mfululizo presha yangu inashuka, na ndiye aliyekuwa akimwita nesi kabla mimi mwenyewe sijajitambua. Ukikaa na mtu hivyo, unafika mahali humwiti tena rafiki. Unasema "mwenzangu" tu, na kila mtu anajua unamsema nani.

Wodi yetu hapa Kef, Tunisia, ina viti tisa. Changu kilikuwa cha tano, chake cha sita, dirishani. Mimi nilikuwa mpishi wa shule ya bweni miaka ishirini na miwili mpaka figo ziliponigomea. Yeye alikaa dirishani posta maisha yake yote, na Kifaransa alikiongea kwenye simu kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Changu mimi ni cha jikoni: chumvi, sufuria, moto. Kwa hiyo kila karatasi iliyonifikia, ya bima, ya hospitali, ya umeme, niliikunja nikaitia mkobani, na Jumanne nikampa Mongia aisome.

Tena yeye ndiye pekee kati yetu aliyekuwa akisafiri. Alishakwenda kisiwani Djerba mara mbili na Hammamet mara moja, na kabla miguu haijaanza kumvimba alishafika hadi Lyon, Ufaransa, kwa mwanawe Anis. Sisi wengine tuliiona mashine kama kamba ya mbuzi: unazungukia hapo hapo ulipofungwa. Mimi miaka sita sikulala nje ya Kef hata usiku mmoja.

Basi mwezi wa nne binti yangu Ibtisam akanipigia simu kutoka Djerba, nikiwa kwenye mashine. Ameolewa huko na Wajdi, fundi wa majokofu. Miaka tisa walitafuta mtoto, madaktari, dua, mitishamba, kila kitu. Akaniambia ana mimba ya miezi sita na nusu, aliificha hata kwangu kwa hofu ya jicho la husuda, na daktari ameshapanga atamtoa mtoto kwa upasuaji Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa sita. Nililia mpaka sindano ikasogea na mashine ikaanza kupiga kelele.

"Utakwenda," Mongia akasema.

"Nitakwendaje?"

"Kama ninavyokwenda mimi. Tutakwenda wote. Mimi nahitaji hewa, wewe unahitaji mjukuu."

"Watu wanakimbilia tiketi," aliendelea, na hapo darasa likaanza. "Tiketi si kitu. Kwanza kiti. Mgonjwa wa figo asiye na kiti kule anakokwenda hana safari, ana matembezi ya kwenda kaburini."

Mzee Lakhdar wa kiti cha saba akainua kichwa. "Na mimi nikitaka kwenda Makka, nianze na nini?"

"Wewe anza na kufika chooni peke yako."

Wodi nzima ilicheka, Lakhdar mwenyewe akakohoa kwa kicheko.

Mongia akasema atapiga simu yeye. Djerba kuna kituo cha kusafishia damu ambacho hupokea wageni wa kiangazi, anakijua, wanamjua. Ilikuwa wiki ya pili ya mwezi wa tano. Jumamosi yake akaja, akapanda kitini, akangoja Lamia amalize kumchoma, ndipo akanigeukia.

"Tumepata. Wote wawili. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, zamu ya asubuhi."

"Wameandika majina?"

"Wameandika."

Nilinyoosha mkono nikamshika vidole juu ya blanketi. Nikamwambia asitafute hoteli, chumba kipo kwa Ibtisam, atakuwa mgeni wangu. Akasema hoteli zenyewe hana haja nazo, anataka kulala penye watu.

Wiki zilizofuata nilijiandaa kama alivyonifundisha, hatua kwa hatua. Nilimwomba daktari ripoti yenye kila kitu: uzito ninaotakiwa kufikia baada ya mashine, dawa zangu na vipimo vyake, aina ya chujio, mkono upi wenye mshipa uliounganishwa. Nikapima upya homa ya ini, maana karatasi ya zamani hawaipokei na hawawezi kukuweka kwenye mashine ya watu wasio nayo. Fomu ya mfuko wa bima nikaigongesha muhuri kabla, si baadaye. Nakala tatu za kila karatasi: moja mkobani, moja kwenye sanduku, moja kwa Lamia ili iwe rahisi kuulizwa kwa simu. Dawa zote mkobani ndani ya maboksi yake, kwa sababu sanduku likipotea uwanja wa ndege, nguo utaazima lakini dawa huazimi. Tiketi nilipokata niliomba kitimwendo siku hiyo hiyo. Mongia alisema anayeomba kitimwendo mlangoni ataambiwa angoje, na ndege haingoji. Nilichukua kiti cha pembeni, mkono wangu wa mshipa ukiwa upande wa ndani, usigongwe na wanaopita. Nilishona blauzi mbili zenye mikono mipana. Chupa ndogo ya maji nikaichora mistari kwa kalamu, kila mstari masaa matatu.

Siku moja Lamia akiwa ananitoa sindano aliniuliza, "Bi Radhia, na wewe umepiga simu kule kuhakikisha?"

"Mongia amepiga."

"Najua. Piga na wewe, usikie kwa sikio lako. Uandike jina la aliyekujibu."

Kabla sijajibu, Mongia akacheka kutoka kiti cha sita. "Lamia, unataka aseme nini? Aseme 'halo' halafu akate?"

Watu walicheka, na mimi nilicheka kuwashinda. Sikupiga.

Mjukuu wangu Tasnim alizaliwa Ijumaa, salama, kilo tatu na kitu. Jumamosi tulisafishwa damu kama kawaida hapa Kef. Jumapili asubuhi tukapanda basi la Tunis, mchana tukaruka, na kabla ya alasiri tulikuwa Djerba. Nilibeba mitungi miwili ya zrir niliyoisaga mwenyewe, ufuta, lozi, samli na asali, ya kumpa nguvu mzazi na kuwapa wageni wanaokuja kumwona mtoto. Mimi mwenyewe hainifai hata kijiko, lakini harufu yake hakuna daktari aliyeikataza.

Nikampakata mjukuu wangu jioni ile. Sitalieleza hilo.

Jumatatu nzima Mongia alinichunga kama mtoto. Wajdi alipasua tikiti maji, akanikatia kipande chembamba. Mongia akakiondoa kwenye sahani yangu. Nilipofungua chupa yangu akasema, "Punguza, Radhia. Fanya kana kwamba mashine iko mbali."

"Si ni kesho?"

"Ndiyo, kesho. Lakini kule ni ugenini, huwezi kujua."

Ibtisam akamwambia, "Shangazi Mongia, Mungu akuweke, mama angekuwa peke yake angekula tikiti lote." Mongia akatazama nje. Nilidhani amechoka. Mara mbili mchana ule alitoka uani kuongea na simu, na aliporudi uso wake ulikuwa mwekundu, wa mtu aliyefurahi asiyetaka kuonekana.

Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi Wajdi akatushusha kwenye mlango wa kituo, akaenda kazini. Nilivaa blauzi yenye mikono mipana. Bahasha yangu ilikuwa imepangwa vizuri, ungedhani nakwenda kuomba kazi.

Msichana wa mapokezi alikuwa mchangamfu. "Khemiri Mongia. Karibu tena. Mashine namba nne. Na wewe mama?"

"Radhia Jlassi."

Alishusha kidole kwenye daftari, akarudi juu, akashusha tena. Akafungua kompyuta.

"Jlassi. Ulikuwepo. Tulikuandika tarehe kumi Mei." Akasoma kidogo. "Halafu ulighairi."

"Sijaghairi. Niko hapa."

"Imeandikwa, mama. Tarehe thelathini Mei tulipigiwa simu, mgonjwa ameghairi safari kwa sababu za kifamilia, nafasi apewe Khemiri aliyekuwa akisubiri." Akainua macho, akamtazama Mongia, akanitazama mimi. Nadhani alielewa kabla yangu. Sauti yake ikashuka. "Nafasi ilikuwa moja tu, mama. Tangu mwanzo. Tulimwambia mwenzako."

Cha ajabu, kitu cha kwanza nilichokifikiria ni kwamba msichana huyu anaongea Kiarabu kama mimi. Kiarabu cha nyumbani kabisa. Miaka yote ile niliamini simu za namna hii zinataka Kifaransa.

Mongia akanishika kiwiko. "Twende pale nje tuongee."

"Ongea hapa."

"Radhia, watu."

"Ongea hapa hapa."

Akaachia kiwiko changu. "Nilikuandika wewe kwanza. Umemsikia. Nilikuandika wewe, mimi nikajiweka wa kusubiri. Nikasema kitapatikana cha pili."

"Ukaniambia wote wawili."

"Nilijua kitapatikana. Kila kiangazi kuna mtu haji. Kila kiangazi, waulize."

"Na tarehe thelathini?"

Akageuka kutazama mlango. Nyuma yetu watu wawili walikuwa wamefika, mwanamume na mkewe, wakajifanya wanasoma tangazo ukutani.

"Anis yuko hapa," akasema. "Yuko hotelini Midoun na mkewe na watoto. Wiki hii tu. Alinipigia mwisho wa Mei, akasema hawataweza kufika Kef, barabara ndefu, watoto hawavumilii, lakini mama ukiweza kuja Djerba tutaonana. Miaka mitano, Radhia. Yule mdogo sijawahi kumwona."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba mwanao amezaa na mimi nataka kiti chako?"

"Hivyo hivyo."

"Ungesema hapana."

"Sijui ningesema nini. Wala wewe hujui. Hukutaka kujua." Nilisikia sauti yangu imetulia, na utulivu ule ulinitisha. "Na tikiti uliniondolea mezani kwa sababu ulikuwa unajua."

Mlango wa ndani ukafunguliwa, nesi akaita, "Khemiri."

Nitasema kweli: nilingoja. Nilijiambia, sasa atamgeukia nesi aseme, mchukueni huyu, mimi nitangoja. Nilimpa muda. Aliniangalia, macho yake yamejaa maji. Kisha akanipa mkoba wake nimshikie, kama alivyozoea kila siku pale Kef anapopanda kwenye mizani. Na mimi kwa mazoea yale yale nikaupokea. Mlango ukafungwa.

Nilisimama na mikoba miwili. Kisha wake nikauweka juu ya meza ya mapokezi.

Msichana yule, Mungu amlipe, alihangaika. Alimwita daktari wao, akatoka akiwa ameshavaa glovu. Akaniambia mashine kumi na mbili, zamu tatu, zote zimejaa mpaka Jumapili. Iliyobaki ni ya wenye homa ya ini, na mimi vipimo vyangu ni safi, hawezi kunilaza pale. Akanisikiliza kifua, akabonyeza kifundo cha mguu, kidole kikaacha shimo. Akauliza mara ya mwisho ni lini. Nikamwambia Jumamosi.

"Usinywe chochote. Usile tunda lolote, wala nyanya, wala viazi. Ukianza kusikia pumzi inakuwa fupi au moyo unapiga ovyo, usingoje kesho, nenda hospitali yoyote."

Msichana alipiga simu Houmt Souk, Zarzis, Gabes. Kila mahali ni hivyo hivyo, msimu wa wageni. Hospitali ya Medenine wakasema niletwe Jumatano alfajiri, watanibana kwenye nafasi ya dharura, lakini ni hiyo moja tu. Nikamshukuru, nikaandika jina lake nyuma ya bahasha: Hadil. Kisha nikampigia Wajdi aje.

Kwenye gari nilimwambia ukweli, kwa kuwa ningehitaji anipeleke Medenine. Wajdi ni mtu mpole, hapandishi sauti. Alisimamisha gari kando ya barabara, akazima injini. "Nikamtoe?"

"Kumtoa wapi?"

"Nyumbani. Vitu vyake nitavipeleka hotelini kwa huyo mwanawe."

"Ibtisam ana siku nne tangu apasuliwe. Unataka kelele ndani ya nyumba yenye mzazi?"

"Basi tumwambie Ibtisam nini?"

"Mwambie mashine imeharibika. Mashine huharibika."

Hivyo nilimdanganya binti yangu kumsitiri aliyenidanganya. Mongia alirudi mchana, mwepesi, rangi imemrudia usoni kama inavyorudi kwa mtu aliyesafishwa. Mimi nilikuwa kwenye kochi, miguu juu ya mto. Alikaa karibu nami. Ibtisam akiwa mbele yetu hatukuweza kusema lolote, na nadhani yeye alifurahi hivyo. Alasiri Anis alikuja kumchukua. Niliona kichwa chake tu kupitia dirishani, hakushuka garini.

Ilipofika jioni viatu havikuniingia tena. Niliomba wanipe mtoto, wakaniwekea kifuani, lakini uzito wake mdogo ule ukanikaba pumzi, ikabidi wamwondoe. Ndicho nilichoshindwa kukisamehe kwa muda mrefu kuliko vyote.

Jumatano kabla jua halijachomoza Wajdi alinivusha kwenda bara kwa kivuko cha Ajim, nimekaa garini na dirisha wazi, navuta hewa kwa mdomo. Medenine walinipokea mlangoni. Muuguzi mmoja mnene wa makamo alinitazama mara moja tu, akasema, "Bibi, karatasi utanipa ukiwa kwenye mashine." Lakini karatasi zilikuwepo zote, na daktari wa zamu alipoona ripoti alisema laiti kila mgonjwa angekuja hivi, hakupoteza hata dakika kuuliza. Walinipa saa mbili na nusu, ndizo walizokuwa nazo. Nilitoka hapo nikiwa mtu tena.

Nafasi ya pili hawakuwa nayo. Nikampigia Lamia. Sikumweleza kitu, nilisema tu Djerba imeshindikana. Akasema, "Njoo. Ijumaa asubuhi nitakuingiza na watu wa zamu nyingine. Lakini uje kweli."

Karamu ya siku ya saba ya Tasnim ilikuwa Ijumaa hiyo hiyo, saa tano asubuhi.

Alhamisi niliaga. Ibtisam alilia, akasema, "Mama, si ungebaki tu siku moja," na mimi nikacheka nikamwambia mashine haina mjukuu. Mongia alikuwa kituoni muda huo, kwenye kiti chake cha Alhamisi. Sikumwachia neno. Pale uwanja wa ndege nilikwenda mwenyewe kwenye dirisha, nikasema mimi ni mgonjwa, nimebadilisha tarehe, nataka kitimwendo, na sitaki kunyanyuliwa kwa kushikwa mkono wa kushoto, wa mshipa. Nilisema kwa Kiarabu. Wakanisikia.

Ijumaa nilikuwa kwenye kiti cha pili, kisicho changu, katikati ya watu nisiowajua, simu ilipoanza kuingiza picha. Ibtisam alizituma moja baada ya nyingine. Kondoo kwenye sinia la kuskus. Wajdi na kanzu mpya. Zrir yangu kwenye vikombe vidogo, lozi nzima juu yake. Kisha picha ya wanawake wamekaa kwenye zulia, na katikati yao, mahali pa bibi mzaa mama, Mongia. Amevaa gauni la kijani, amempakata Tasnim, anatabasamu kwa kamera. Chini Ibtisam ameandika: "Shangazi Mongia amekaa badala yako, usijisikie mpweke."

Nesi wa zamu ile, ambaye hakunijua, aliuliza kama sindano inauma. Nikamwambia ndiyo.

Jumamosi asubuhi nilimwomba Lamia anihamishie zamu ya mchana. Alinitazama usoni. "Mmegombana?"

"Hapana. Nimechoka kuamka mapema."

Mzee Lakhdar alilalamika kwa kila mtu kwamba wodi imekuwa kama msiba, hakuna wa kucheka naye.

Mongia alikuja kwangu mwezi wa saba, mchana wa joto, na boksi la biskuti za kaak mkononi. Nilifungua mlango, nikabaki nimesimama katikati yake.

"Hunikaribishi?"

"Sema hapo."

Alipangusa jasho. Alikuwa amezeeka kidogo. "Nimekuja kuomba radhi. Sina la kujitetea."

"Ulimwona mwanao?"

"Mara mbili. Jumanne kwa muda wa saa moja hivi, na Alhamisi tulikula pamoja." Akatazama boksi lake. "Watoto hawaongei lugha yetu. Yule mdogo alinikimbia. Anis alikuwa akitazama saa."

Nilimwonea huruma, na huruma ile ilinikasirisha. Niliona jinsi ilivyokuwa rahisi kumvuta ndani, kumwekea kikombe cha chai cha robo kama tunavyokunywa sisi wa figo, na kulia pamoja juu ya watoto.

"Kwa nini ulikaa kwenye zulia, Mongia?"

"Zulia lipi?"

"Kwenye karamu. Mahali pangu."

Alifikiri, na nikaona kweli hakumbuki. "Waliniambia nikae. Nilikaa tu."

"Kiti naweza kukielewa," nikamwambia. "Ulikuwa na mwana wako, hofu ilikuzidi. Mtu akizama hushika hata mguu wa mwenzake. Lakini baada ya hapo ulikula chakula cha binti yangu siku tano. Ukamwacha mtoto wa watu akikuombea dua kila asubuhi."

"Na wewe ungenipa kile kiti? Ningekuomba, ungenipa? Sema kweli."

Nilisema kweli. "Labda nisingekupa."

"Basi."

"Basi ndiyo maana ilikubidi uniombe."

Akaliweka boksi kwenye kizingiti, akashuka ngazi, mkono mmoja ukutani, pole pole. Kaak nilimpa jirani.

Ibtisam nilimwambia mwezi wa pili, kwa simu, mwaka ukiwa tayari umegeuka. Nilikuwa nimechoka kumsikia akiuliza habari za shangazi Mongia. Nikamweleza yote, tangu tarehe thelathini Mei. Upande wa pili nikasikia Tasnim akibwabwaja.

"Mama," akasema, "nilijua. Wajdi aliniambia Jumatano ile ile, aliporudi kutoka Medenine."

"Ukanitumia ile picha?"

"Nilidhani hujui kwamba najua. Nilitaka uone kila kitu kiko sawa."

"Ukamkalisha mahali pangu."

"Ningefanya nini? Shangazi za Wajdi wote wako pale, pamebaki wazi, wanaulizana. Mgonjwa yule, mgeni ndani ya nyumba yangu. Ningemtupa wapi?"

Alisema kwa upole, na alichosema ni sahihi, mimi mwenyewe ndiye niliyemlea hivyo. Nilimwambia hakuna neno. Kisha nikakata simu nikakaa jikoni muda mrefu, kwa sababu hata kwake, siku ile, palikuwa na jambo lililozungumzwa na wote isipokuwa mimi.

Mwezi wa nne nilikwenda tena. Safari hii nilipiga simu Djerba mwenyewe, mara tatu: siku ya kuomba kiti, wiki mbili baadaye, na siku mbili kabla ya kuondoka. Mara zote nilimwomba Hadil anisomee jina langu lilivyoandikwa, herufi kwa herufi, na nilimwambia lisifutwe na mtu yeyote isipokuwa kwa sauti yangu. Alicheka, akasema ameshaandika hivyo. Hapa wodini watu wameanza kuniuliza. Mama mmoja wa kiti cha tatu anataka kwenda Sousse kwa dada yake. Nilimwambia aanze na kiti, nikampa namba, nikakaa naye mpaka akapiga yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Alitaka niongee mimi. Nikakataa kumshikia simu.

Siku ya mwisho kabla ya safari niliingia zamu ya mchana watu wa asubuhi wakiwa wanatoka. Mongia alikuwa amekaa kwenye benchi ya mlangoni, amebonyeza pamba mkononi, anangoja damu ikate. Habari zilikuwa zimemfikia. Wodi ya viti tisa haina siri.

"Radhia," akasema. "Safari njema. Mbusu mtoto."

Watu walikuwa wanatutazama. Nikasema ahsante, kama ninavyomwambia mtu aliyenipisha mlangoni, nikaenda kupanda kwenye mizani.